Fulana za Mgomo

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Mama Mkasi amepiga magoti sakafuni, kichwa chini ya meza ya kukatia, ncha ya jora mkononi, na mtu amesimama nyuma yake anahema.

"Unasoma nini huko chini?"

Ilikuwa sauti ya msimamizi wa karakana, yule wanayemwita Rula kwa sababu hatembei bila rula ya chuma kwapani.

Na alichokuwa anasoma Mama Mkasi kilikuwa mstari mmoja tu, umepigwa chapa kwa herufi ndogo za samawati mwisho kabisa wa jora, pale kitambaa kinapozungushiwa mrija wa karatasi. Ulisema kitambaa kile kimefumwa wapi. Likafuata jina la nchi.

Uliyekuwa nasi tangu mwanzo unaijua nchi hiyo. Uliyejiunga leo, sikia upesi. Ni ile ambayo serikali yake ilisimama mbele ya mataifa ikatamka kwamba tarafa yetu ya mpakani, na watu wake, na makaburi yake, ni mali ya jirani. Tangu siku ile watu wakaacha kununua kitu chake chochote: sabuni, maziwa ya kopo, betri, dawa ya meno. Wakaacha hata kuitaja. Wakaiita Nchi Ile, basi.

Na majora hayo ndiyo yaliyokuwa yanakatwa fulana elfu tatu, za kuvaliwa jioni hiyohiyo kwenye mkutano mkubwa wa mgomo. Kifuani zimeandikwa HATUNUNUI.

"Nimekuuliza, unasoma nini?"

"Nisome nini chini ya meza, barua ya posa?" Mama Mkasi alijinyanyua akipangusa magoti. "Chaki imeniangukia. Na kwa umri huu nikishainama, kunyanyuka ni kesi ya kusikilizwa kesho."

Mafundi wa cherehani za karibu wakacheka. Rula hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye jora.

"Limefika mwisho?"

"Bado kidogo."

"Likifika mwisho niite. Usilimalize mwenyewe."

Wiki nzima ilikuwa hivyohivyo. Kila jora likikaribia kwisha, Rula anakuja, analibeba begani, analirudisha baada ya dakika kumi likiwa limenyolewa ncha. Yeye alidhani jamaa anajikusanyia matambara ya kupigia deki. Miaka kumi na tisa anakata nguo katika karakana ile, na hakujiuliza!

Dereva wa lori akapiga honi uani. Rula akatoka kumfungulia geti.

Mkasi haukuchelewa. Alikata kipande cha upana wa kiganja, chenye maandishi yote, akakikunja mara nne, akakitia ndani ya kifua cha gauni. Rula aliporudi alimkuta anachora mikono ya fulana kwa chaki, anaimba kwa pua.

Rula alilishika jora. Akapapasa ncha. Akatazama pale mkasi ulipopita.

Alitoka nje tena, na safari hii simu ilikuwa sikioni.

*

Saa sita, wenzake walipotoka kwenda kula, Mama Mkasi alipanda ngazi hadi ofisini kwa mwenye karakana. Wote humwita Tajiri, ingawa viatu vyake vimebadilishwa soli mara tatu. Alikuwa peke yake, anatafuna mkono wa miwani.

"Tajiri, kitambaa hiki kimetoka wapi?"

Alitegemea mzee ashtuke. Alitegemea apayuke, amfukuze kazi. Tajiri aliinuka taratibu akafunga mlango, akakaa tena.

"Umechelewa," alisema. "Nilijua mtu wa kwanza kugundua atakuwa wewe. Nilidhani utakuja siku ya kwanza."

"Kumbe unajua!"

"Najua."

"Mwuza vipodozi wa mtaa wa pili amevunjwa mkono kwa katoni moja ya mafuta ya nywele. Unajua hilo pia? Leo watu elfu tatu watasimama uwanjani wamevaa Nchi Ile migongoni, na wewe unatafuna miwani?"

"Punguza sauti, mama. Mimi nashona. Kitambaa sikununua mimi, nililetewa."

"Na nani?"

Tajiri alifungua droo, akatoa karatasi, akaishikilia pembe mbili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Soma. Kwa macho, sio kwa mkono."

Ilikuwa barua ya Kamati ya Kususia. Ilisema Kamati italeta kitambaa yenyewe, karakana ishone tu, na mabaki yote akabidhiwe msimamizi. Chini kulikuwa na muhuri, na saini.

Saini ile Mama Mkasi aliifahamu tangu ilipokuwa inajifunza kuandikwa, kwa penseli, kwenye kuta za nyumba ya mama yao.

Ilikuwa saini ya kaka yake.

Ndiyo, msomaji. Spika. Mwenyekiti wa Kamati. Yule ambaye watu wanafunga maduka kumsikiliza, aliyepewa jina hilo shuleni kwa sauti yake isiyohitaji mashine. Spika aliyelia hadharani akitaja kaburi la mama yao lililoko kule kule mpakani. Mama Mkasi alikuwepo siku hiyo. Alirudi nyumbani akaimwaga sabuni yake ya unga chooni, pakiti nzima, akafua kwa maji matupu hadi mwisho wa mwezi.

"Hii ni ya kughushi," alisema.

"Labda," alisema Tajiri. "Kamuulize mwenyewe. Lakini ukimuuliza, usimwambie umeiona kwangu."

*

Ofisi ya Kamati ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Mabango yameegemezwa ukutani, vipaza sauti viwili vimelala chini, na Spika katikati amevaa shati jeupe, anapitia hotuba ya jioni.

"Dada! Umekula?"

"Sijaja kula. Kaka, nitazame. Wewe ndiye uliyepeleka kitambaa karakana?"

"Kitambaa? Kamati imelipa fulana, kitambaa ni shauri la Tajiri. Kwani vipi?"

"Ni cha Nchi Ile."

Spika aliweka kalamu chini. Uso ulimsawijika, au ndivyo dada yake alivyoona.

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Na kuna barua, ina saini yako."

"Yangu? Dada, tangu lini mimi..." Alishika kichwa. "Naletewa karatasi hamsini kwa siku. Natia saini nikiwa kwenye simu, natia saini nikiwa natafuna. Wifi yako ndiye anayeziandaa. Yeye ndiye katibu, yeye ndiye mwenye muhuri."

Wakatazamana. Jina la wifi lilibaki hewani kati yao.

Na kama aliyeitwa, mlango ukafunguliwa. Wifi akaingia na chupa ya chai na vikombe. Mwanamke mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Mama Mkasi aliwahi kumsifu kwa upole huo. Leo upole ule ulimtisha.

"Wifi yangu, mbona jasho hivyo? Kaa upoe."

"Nimepoa."

Wifi alimimina chai bila kumwaga tone. Kisha akasogea karibu, akanong'ona, "Kile kipande nipe mimi, wifi. Nitakichoma. Kikionekana kwako leo, utakiona cha mtema kuni."

Mama Mkasi alihisi kitambaa kinamuunguza kifuani.

Alikuwa amesema kuna kitambaa. Alikuwa amesema kuna barua. Lakini kipande? Hakukuwa na mtu aliyemwona akikikata. Kwa kaka yake mwenyewe hakukitaja.

"Kipande gani, wifi?" aliuliza, sauti kavu.

Wifi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama hotuba yake.

"Basi," alisema wifi. "Nilidhani."

Mama Mkasi hakuigusa chai. Alishuka ngazi mbili mbili, na alipofika barabarani alikuwa amekwisha hukumu. Nyoka anaishi ndani ya nyumba ya kaka yake, anamwandalia karatasi, anamfulia shati jeupe.

Laiti angejua!

*

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, na ndiye mtu ambaye Mama Mkasi hakuwa na uso wa kumtazama.

Baba mdogo alikuwa na duka la reja reja, la miaka thelathini. Wiki tatu zilizopita Kamati ililikagua mbele ya umati, na nyuma ya magunia ya sukari yakatolewa makopo kumi na mawili ya maziwa ya Nchi Ile. Mzee aliapa kwamba si yake. Walimzomea. Spika alitoka mbele, akafunga kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akasema mgomo haujui baba wala mjomba. Watu wakashangilia hadi sauti zikawakauka.

Mama Mkasi alikuwa mstari wa mbele. Hakuzomea. Lakini hakufungua mdomo.

Alimkuta mzee sebuleni, anarekebisha mguu wa stuli kwa nyundo. Alikuwa amekonda. Sanduku la chumvi na viberiti lilikuwa pembeni, masalio ya duka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nyundo haikusimama. "Umekuja kukagua?"

Lilimchoma. Alikaa sakafuni, akatoa kipande kifuani, akakikunjua juu ya goti la mzee. Mzee alivaa miwani. Alisoma. Akakisoma tena, nyundo mkononi.

"Ndiyo kinachokatwa fulana?"

"Ndiyo, baba. Na nataka kujua makopo yale yaliingiaje dukani kwako. Wakati ule sikukuuliza. Nisamehe."

"Hukuniuliza," mzee alikubali. "Hakuna aliyeniuliza. Walinieleza."

"Ni wifi?"

Mzee aliondoa miwani.

"Alikuja asubuhi na boksi limefungwa kwa utepe. 'Baba, niwekee, nitalipitia jioni.' Nikaliweka nyuma ya sukari. Jioni hakuja yeye, ikaja Kamati."

"Na ukanyamaza! Wiki tatu, baba! Umezomewa, umefungiwa, na ulimjua!"

"Ningesema nini? Mke wa mwanangu kanitega? Nivunje ndoa ya mtoto niliyemlea kwa ajili ya duka? Duka ni mbao na mabati, mama. Nilisema acha litulie."

Mama Mkasi aliinuka. "Sasa halitulii tena. Naenda uwanjani. Nitasimama mbele ya kaka nimwambie, tena kwenye kipaza sauti chake, kwamba mke wake..."

"Kaa chini."

"Baba..."

"Nimesema kaa."

Hakuwahi kumsikia akitoa sauti ile. Akakaa.

"Umeniuliza boksi lililetwa na nani," alisema mzee. "Hukuniuliza kwa nini nililetewa mimi. Maduka yako arobaini mtaa ule. Siku nne kabla ya boksi, nilipita nyuma ya ghala la Kamati, saa nane mchana, jua linachoma. Lori lilikuwa linashusha majora. Meupe, yamefungwa nailoni, na kwenye nailoni ile jina la Nchi Ile kubwa kama mlango. Rula alikuwa anaichana nailoni kwa kisu. Nilisalimia nikapita. Ndilo kosa langu, kusalimia."

"Na wifi alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Nani alikuwa anapokea mzigo?"

Mzee alitazama dirishani.

"Aliyekuwa anatia saini, karatasi ameiegemeza kwenye mlango wa lori, alikuwa kaka yako. Hakuwa kwenye simu. Hakuwa anatafuna kitu. Alinitazama, akaniitikia salamu, akamaliza kuandika jina lake."

Nje gari lilipita. Mama Mkasi hakulisikia. Alikuwa anamwona Spika anaweka kalamu chini. Uso unasawijika. *Tangu lini mimi.* Mtu anayeweza kulia mbele ya maelfu anashindwa nini kushtuka mbele ya dada mmoja?

"Kwa nini?" alisema. "Baba, kwa nini? Mama amezikwa kule."

"Mali ya Nchi Ile haina mnunuzi sasa hivi. Wenye maghala wanaigawa kama takataka. Na Kamati ilichangiwa na watu ili inunue kitambaa chetu, cha bei yetu. Hesabu hiyo hata mimi nisiye na duka naiweza."

Gari lile lilikuwa limerudi. Sasa alilisikia, na alisikia lilichokuwa linasema.

"...ndugu wananchi! Mgomo wetu umeingiliwa! Fulana zetu zimechafuliwa kwa kitambaa cha Nchi Ile! Na aliyefanya hivyo tunamjua! Ni mkata nguo wa karakana! Anatembea na ushahidi mwilini mwake! Ni damu yangu, ndugu zangu, ni dada yangu wa tumbo moja, na sitamficha!"

Sauti haikuhitaji mashine, lakini leo ilikuwa na mashine. Vioo vya dirisha vilitikisika. Nyuma ya gari zilisikika nyayo za watu wengi.

Mama Mkasi alikikwapua kipande. Akitupe wapi? Akikitupa, amejinyang'anya ushahidi. Akibaki nacho, ndio ushahidi wenyewe dhidi yake. Kaka yake alikuwa amemkatia fulana iliyomkaa sawasawa.

Mlango wa uani ukagongwa. Mara tatu, haraka, kwa kucha.

"Usifungue," alisema Baba mdogo, nyundo imeinuka.

"Wifi, ni mimi! Wifi, kwa jina la Mungu!"

Mama Mkasi alifungua kiasi cha jicho. Wifi alikuwa nje, mtandio umemtoka kichwani, miguu mitupu, vumbi hadi magotini. Alijipenyeza ndani kwa ubavu, akaegemea ukuta.

"Umekuja kuhakikisha nipo?" Mama Mkasi alimshika kola. "Umekuja kuwaonyesha mlango?"

"Nimekuja kujificha."

"Wewe! Kipande ulikijuaje?"

"Rula alimpigia simu kaka yako asubuhi. Nilikuwepo. Alijua kabla hujapanda ngazi, wifi. Alikungoja ujilete. Nilitaka unipe nikichome ili asikukute nacho, nikamtazama yeye, nikaogopa."

"Na makopo ya baba?"

Wifi aligeukia mzee. "Aliniambia ni vipeperushi. Boksi la vipeperushi, nimpelekee baba atunze. Nilipoona yanatolewa makopo nilitaka kupiga kelele. Usiku ule... sikupiga. Nisamehe, baba."

Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini machozi ya Spika nayo yalikuwa ya kweli, siku ile ya kaburi. Mama Mkasi hakuilegeza kola.

"Kila mtu katika nyumba hiyo ana maneno. Nionyeshe kitu."

Wifi alitia mkono ndani ya blauzi, akatoa karatasi ya njano iliyokunjwa. Hati ya kupokelea mzigo, ile ya lori. Majora, tarehe, jina la ghala la Nchi Ile. Na saini ambayo haikuandikwa na mtu aliyekuwa anatafuna.

"Nimeiiba kwenye droo yake. Ameshajua haipo. Ndiyo maana hakungoja mkutano wa saa kumi."

Baba mdogo aliichukua, akaisoma kwa mkono ulionyooshwa. Aliikunja, akaitia chini ya kofia yake, akaivaa kofia. Kisha akamwelekeza wifi kwa kidevu: chumba cha ndani, nyuma ya kabati.

Gari lilizimwa. Kelele za watu zikashuka, kama walioambiwa wangoje. Hatua za mtu mmoja zikazunguka nyumba hadi mlango wa uani, bila haraka.

"Baba mdogo," Spika aliita, bila kipaza sauti sasa, kwa sauti ile ya nyumbani ya kuomba maji ya kunywa. "Dada. Fungueni tuzungumze kama watu wa tumbo moja. Nitawatuliza hawa. Mko wangapi humo?"

Mama Mkasi alimtazama mzee. Mzee alitikisa kichwa kidogo sana.

Katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya kaka yake. Aliusogelea mlango hadi paji la uso likagusa mbao.

"Wawili, kaka. Mimi na baba. Hakuna mwingine."

Upande wa pili, karibu kabisa na sikio lake, Spika alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeinama kuokota kitu.

"Wawili," alisema. "Basi hivi viatu vya mke wangu hapa mlangoni, dada, amevivua nani?"